Stima Inayopita Juu ya Malakisi

Maji ya mto Malakisi hayafiki Jinja, Uganda, pale Naili inapotoka Ziwa Viktoria. Wengi wetu hudhani yanafika, kwa sababu ramani tulizochora shuleni zilimwaga mito yote ya Magharibi ya Kenya katika Ziwa Viktoria. Mto Nzoia ndio unaoishia huko: hukusanya vijito vya Trans Nzoia, huporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, hufurika Budalang'i, kisha huingia ziwani na maji yake hatimaye kupita Jinja. Malakisi una njia yake. Hushuka kutoka Mlima Elgon, hukutana na Malaba, huvuka mpaka, hujiunga na Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, na kutoka huko hufuata Naili mpaka Karuma, ambako Uganda ilizindua bwawa la megawati 600 mwaka 2024. Kaunti moja ya Bungoma, basi, hugawa maji yake mafungu mawili, na yote mawili huenda kuzungusha mitambo ya jirani.

Stima nayo imekuwa ikirudi kwa njia ya juu. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Mwaka huohuo ikaundwa Kenya Power Company, kampuni iliyokuwa na kazi moja tu: kusafirisha umeme wa Uganda kwa laini kutoka Tororo hadi Juja Road, Nairobi. Laini hiyo ya volti 132,000 ilivuka nchi ya Bungoma, ikapanda hadi Lessos, ikashuka Bonde la Ufa na kwenda kuwasha mji mkuu. Waliobaki chini yake waliendelea na koroboi. Watoto wakazaliwa, wakatahiriwa, wakaoa, wakawa na wajukuu, na nyaya ziko palepale juu yao.

Ni rahisi kusema kwamba huo ulikuwa ukoloni, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini kuna sababu ya kiufundi iliyoupa ukoloni kisingizio, nayo haikuondoka na gavana. Volti 132,000 hazishushwi kwa waya na koleo. Ili laini kama hiyo imnufaishe mtu aliye chini yake, sharti ijengwe stesheni: transfoma kubwa, vikata-umeme, ua, walinzi, kisha laini ndogo za kusambaza. Mwenye fedha huuliza nani atanunua. Katika vitabu vya biashara vya wakati ule mji wa Malakisi ulikuwa soko lenye kiwanda cha kuchambua pamba. Katika mafaili ya serikali ulikuwa mahali ambapo polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya wenyeji iliyopinga ukoloni, mwezi Februari 1948. Hakuna faili hata moja kati ya hayo ambalo lingemshawishi mhasibu ateremshe stima.

Nimeanza na nyaya kwa sababu taaluma ninayotaka kuitafakari huwa inasimuliwa kuanzia maabara, na katika maabara kila kitu kiko karibu na kila kitu. Ni taaluma ya kugeuza umeme: kuupokea ukiwa na sura moja na kuutoa ukiwa na sura nyingine. Waliomo huiita elektroniki ya nguvu. Mtu anaweza kutumia maisha yote ya uprofesa ndani yake bila jirani zake kujua anafanya nini, ilhali jirani hao wana kazi yake mfukoni.

Mwaka huohuo wa 1954, Waswidi waliunganisha kisiwa cha Gotland na bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Zilikuwa megawati 20 tu. Ugeni wake ulikuwa katika aina ya umeme: mkondo mnyoofu, ule unaokwenda upande mmoja, badala ya mkondo geu unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika kebo ndefu ya baharini mkondo geu hupoteza nguvu kwa kuijaza kebo yenyewe na kuikamua, kuijaza na kuikamua, na kinachobaki cha kufanya kazi upande wa pili huwa kidogo. Mhandisi Uno Lamm wa kampuni ya ASEA alikuwa ametumia miaka zaidi ya 20 kutafuta vali za zebaki zinazoweza kuunyoosha mkondo upande mmoja na kuugeuza tena upande wa pili. Mwaka 1957 wahandisi wa General Electric, Marekani, wakapata thairista, kipande cha silikoni cha kufanya kazi ileile bila zebaki. Thairista ina ukaidi mmoja: ukiiwasha inakubali, lakini haizimiki hadi mkondo wenyewe upungue na kuisha. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1980, wakati B. Jayant Baliga, mhandisi aliyezaliwa India na aliyekuwa General Electric, alipotoa transista ya nguvu inayowashwa na kuzimwa kwa ishara ndogo sana, huku ikibeba mkondo mkubwa. Treni za umeme, lifti, mashine za kuchomelea na vigeuzi vya sola vimejaa kizazi cha transista hiyo.

Siri ya kazi yote ni swichi. Swichi iliyofungwa sawasawa hupitisha mkondo wote na volti karibu sifuri hubaki juu yake. Swichi iliyofunguliwa sawasawa hubeba volti zote bila kupitisha mkondo. Joto hutokana na volti kuzidishwa na mkondo, kwa hiyo katika hali zote mbili joto ni karibu sifuri. Hatari iko katikati, ule muda mfupi wa kutoka hali moja kwenda nyingine, ambapo volti na mkondo vyote vipo kwa pamoja na transista huungua. Mbinu ni kuvuka haraka. Miaka 60 ya makongamano, tasnifu na majarida inahusu, kwa sehemu kubwa, namna ya kufupisha muda huo, na nyenzo za kuufupisha: jana silikoni, leo silikoni kabaidi na galiamu nitraidi.

Mtu wa Malakisi hahitaji maelezo marefu kuhusu kinachopotea. Mpaka wa Lwakhakha uko karibu, na wabadilishaji fedha wanasimama hapo na mabunda ya noti za nchi mbili. Pesa haivuki bila mbadilishaji kubaki na chake. Kigeuzi chenye ufanisi wa asilimia 90 kimebaki na 10 kama joto. Kile cha 95 kimebaki na 5. Asiyejua hesabu hii huona profesa amehangaika miaka mitano kwa asilimia tano tu. Mwenye kujua huona joto limepungua nusu, sahani ya kupozea imepungua nusu, feni imeondolewa na bei imeshuka.

Lakini mbadilishaji fedha ana kitu kingine kinachonivutia kuliko kiwango chake. Yeye huchagua mahali pa kusimama. Pesa za Uganda zikipita ndani ya lori lililofungwa kutoka Kampala hadi Mombasa, hazina faida kwa muuza ndizi aliye kando ya barabara, hata zikiwa mamilioni. Umeme ni hivyohivyo, na mkondo mnyoofu umezidisha hali hiyo. Tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Ethiopia kupitia laini ya volti 500,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na zaidi ya nusu yake iko upande wa Kenya. Imejengwa iweze kubeba megawati 2,000. Kigeuzi kiko Wolayta, na kingine kiko Suswa. Kati ya hivyo viwili, kupitia Marsabit na Samburu na Isiolo, hakuna kingine. Laini ya mkondo geu ungeweza kuishusha kwa transfoma na stesheni ukiwa na fedha na nia. Laini hii haisikii transfoma kabisa, maana transfoma hufanya kazi kwa mkondo unaobadilika, na huu haubadiliki. Kuishusha njiani ni kujenga stesheni ya tatu ya vigeuzi, na bei yake ni ya kitaifa.

Wakongo waliyaona haya kabla yetu. Laini ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita takriban 1,700 za mkondo mnyoofu, ilikamilika mwaka 1982 ili kuipa migodi ya mkoa wa Shaba umeme. Ilipita juu ya vijiji visivyohesabika na haikuangusha hata taa moja njiani. Imeelezwa mara nyingi kama hila ya Rais Mobutu, kwamba mkono wa Kinshasa ulitaka kushika swichi ya mkoa uliowahi kujitenga. Huenda. Hata hivyo kiongozi mwema naye asingeweza kuangusha taa njiani kwa teknolojia ya wakati ule. Hilo ndilo linalonisumbua katika taaluma hii: maamuzi ya kisiasa huingia ndani ya chuma, na baada ya hapo huitwa fizikia.

Sasa tumtazame profesa mwenyewe. Yupo mmoja ninayempenda kwa mbali, R. David Middlebrook, Mwingereza aliyefundisha Caltech, California, kuanzia 1955 hadi alipostaafu 1998. Alikuwa mwalimu wa kung'ang'ania kwamba mlinganyo usioweza kusomwa na mtengenezaji wa kifaa hauna kazi, hata ukiwa sahihi. Mwaka 1976, yeye na mwanafunzi wake Slobodan Ćuk kutoka Yugoslavia walitoa njia ya kuvielewa vigeuzi ambayo bado inafundishwa kila mahali. Tatizo lilikuwa hili. Kigeuzi chenye swichi ni vifaa viwili tofauti vinavyopokezana maelfu ya mara kila sekunde: kimoja swichi ikiwa imefungwa, kingine ikiwa imefunguliwa. Kila kimoja kina milinganyo yake. Ukijaribu kufuata kila ruko la swichi, unazama katika tarakimu. Middlebrook na Ćuk wakasema: tuchukue wastani. Tuipe kila hali uzito kulingana na muda wake, tuzijumlishe, na kigeuzi kinachorukaruka kitageuka kuwa kitu laini ambacho akili inaweza kukishika.

Ni wazo jepesi kwa namna ya mawazo makubwa. Lina sharti lake pia, na Middlebrook hakulificha: wastani husema kweli pale tu ambapo swichi inacheza kwa kasi kubwa kuliko mwendo wa asili wa koili na kapasita zilizo nyuma yake. Swichi ikienda polepole, mawimbi yanakuwa makubwa na wastani unakuwa uongo wenye tarakimu nzuri.

Naona sharti hilo likivunjwa kila siku nje ya maabara. Tunaambiwa karibu robo tatu ya Wakenya wameunganishwa na stima. Mradi wa serikali wa Last Mile ulipozinduliwa 2015, gharama ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tena za kulipa kidogo kidogo, na walioandikishwa ni wale walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ni kazi kubwa, na sitaki kuibeza. Nimeona nyumba za udongo zenye mita ya tokeni ukutani na nikafurahi. Lakini aliye hatua ya 20 kutoka kwenye transfoma na aliye mita ya 600 wamehesabiwa sawa. Wa kwanza ana volti zake kamili. Wa pili ana zile zilizobaki baada ya waya mrefu na majirani wote kuchukua zao. Jioni balbu yake ni ya manjano, redio inakoroma, friji ikijaribu kuwaka inanguruma na kunyamaza. Tena stima yake ikipotea Ijumaa inaweza kurudi Jumapili. Kwa takwimu za mwaka mzima hizo siku mbili ni kitu kidogo. Kwa mwenye maziwa ya kuuza ni kila kitu.

Kinachoshangaza ni kwamba watu wa mwisho wa laini walitangulia kuingia katika ulimwengu wa mkondo mnyoofu kuliko taifa lao. Sola ya Kenya haikuanzia wizarani. Miaka ya 1980, Mmarekani Harold Burris, aliyewahi kujitolea katika shirika la Peace Corps, alifunga mtambo katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, Meru, mwaka 1984, pamoja na Mmarekani mwenzake Mark Hankins, na mafundi waliojifunza hapo wakaipeleka biashara mbele. Umeme ule ulikuwa wa volti 12, mkondo mnyoofu kutoka paneli hadi betri hadi taa. Hakukuwa na haja ya kugeuza kitu. Ndiyo sababu televisheni za Great Wall za inchi 14, nyeusi na nyeupe, zilienea vijijini: zilikubali betri ya gari. Nani hakumbuki betri ikibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, ikarudishwa jioni kabla ya taarifa ya habari au mpira? Familia zilijua uwezo wa betri yao kama zinavyojua gunia la mahindi limebaki kiasi gani. Mzee wa boma ndiye aliyeamua televisheni izimwe saa ngapi.

Kisha zikaja simu, na chaja. Chaja ya simu ni elektroniki ya nguvu iliyokamilika. Hupokea volti 240 za mkondo geu, huzinyoosha zikawa kama 340, huzikatakata makumi elfu ya mara kwa sekunde, huzipitisha katika transfoma ndogo kuliko ncha ya kidole gumba, na hutoa volti 5. Zile adapta za zamani za redio zilikuwa nzito kwa sababu zilifanya kazi kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kadiri mizunguko ilivyo michache ndivyo chuma kinavyohitajika kingi. Kasi ndiyo iliyoondoa chuma. Wakati bibi anachomeka simu kwa kinyozi pale Malakisi, ana mkononi matokeo ya taaluma ya Lamm, Baliga na Middlebrook, kwa shilingi chache, ingawa chaja nyingine ni bandia.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola ya mkopo: malipo ya kwanza ya kama shilingi 3,000, kisha shilingi 40 kwa siku, baadaye 50, kwa mwaka mmoja, kupitia M-Pesa. Ndani ya kisanduku cha kudhibiti kuna laini ya simu. Usipolipa, kisanduku kinaambiwa kifunge, na taa hazitawaka ingawa jua limewaka mchana kutwa na betri imejaa. Kiuchumi ni ubunifu ambao umeleta mwanga ambako benki zisingethubutu kukopesha. Kiufundi ni transista moja iliyopewa amri kutoka Nairobi. Mzee wa boma hakuondolewa kwenye kiti chake na mtu yeyote, lakini mamlaka ya kuzima yamehama. Napata shida kuamua kama hili ni baya. Aliyelipa mkopo akamaliza anabaki na mtambo wake, na wapo wengi. Ninachokijua ni kwamba kwenye vitabu vya elektroniki ya nguvu swichi haina mwenyewe. Ni alama mbili za kuchora kwenye karatasi. Hakuna sura inayouliza nani anaifungua.

Mchukue kijana wa huku kwetu aliyepita shule ya Kamusinga au Kibabii, akasomea uhandisi wa umeme Nairobi, akapata ufadhili wa kwenda nje. Akichagua elektroniki ya nguvu, pengine atafika Aalborg, Denmark, na tasnifu yake itakuwa kuhusu vigeuzi vya mitambo ya upepo, kwa sababu Denmark inaishi kwa upepo. Akienda Marekani ataandika kuhusu magari ya umeme au umeme wa mabohari ya kompyuta. Siku zote maabara hujibu swali la anayelipia maabara. Simlaumu kijana. Akirudi atakuta darasa la wanafunzi wengi, vipimo vichache na mshahara wa kuchelewa. Asiporudi atakuwa profesa mwenye hataza na picha ukutani, na kila Desemba atakuja Bungoma na kukuta stima imepotea.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walijaribu kuvunja mzunguko huo kwa njia yao. Novemba 2011, chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, mhandisi wa umeme, walionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili lililoundwa na walimu na wanafunzi. Lawama zilikuja haraka: nchi ambayo stima inakatika itakuwaje na gari la stima? Baadhi ya lawama hizo ni za haki. Lakini wanafunzi waliolazimika kukifanya kigeuzi kiendeshe mota, na gari litembee mbele ya rais, walijifunza kitu ambacho mtihani hauwezi kufundisha, na mwaka 2016 likatoka basi, Kayoola. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Swali langu ni dogo zaidi na linahusu unga: nani atatafiti kigeuzi cha kinu cha posho?

Kitale ina rekodi katika utafiti wa namna hiyo, unaoanzia kwa mtumiaji. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara H611, mseto wa mahindi ya Kitale yenyewe na aina kutoka Ecuador iliyojulikana kwa namba 573. Kenya Seed, iliyoanzishwa papo hapo Kitale 1956, ikaisambaza mbegu. Mkulima mdogo aliipokea kwa sababu ilikuwa imejaribiwa kwenye mwinuko wake, mvua yake na udongo wake. Watafiti hawakuleta mahindi bora ya Iowa wakamwambia mkulima abadilishe mlima. Hadi leo mtu wa Trans Nzoia na Bungoma hutaja mbegu kwa namba, mia sita na kumi na nne, kama anavyotaja jina la shemeji.

Mahindi hayo yakishavunwa huenda kwenye kinu cha posho, na hapo utafiti ulisimama. Kinu kinahitaji mota, na mota ya maana inataka fezi tatu. Laini nyingi za vijijini huleta fezi moja, kwa sababu ni nafuu, na kwa taa na simu inatosha. Mwenye kinu hana budi kubaki na injini ya dizeli ambayo unaisikia kutoka ng'ambo ya mto, huku nguzo ya stima imesimama kwenye kona ya duka lake. Aliyebahatika kuwa na fezi tatu naye ana matatizo yake: mota ikianza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake, na kwa sekunde chache taa za kijiji kizima zinafifia. Kila mtu anajua Wafula ameanza kusaga.

Dawa ya yote mawili ipo katika kitabu cha mwaka wa nne. Nyoosha fezi moja ya volti 240, upate mkondo mnyoofu wa volti kama 340; uweke kwenye kapasita; kisha transista sita ziukatekate kuwa fezi tatu, zikianza na mizunguko michache kwa sekunde na kupanda taratibu hadi 50. Mota inaamka bila kishindo na taa za jirani hazitikisiki. Lakini hapa ndipo udongo unapoanza kusema. Kutoka volti 340 huwezi kupata fezi tatu za 415. Utapata kama 240. Mota ndogo iliyoandikwa 240/415 unaweza kuibadilisha miunganisho yake kutoka nyota kwenda delta na itakubali. Mota kubwa za vinu nyingi zimeandikwa 415 kwa delta, na hazitakubali hadi uongeze hatua ya kupandisha volti. Mota ya kilowati 11 ikilishwa na fezi moja huvuta zaidi ya ampia 50. Kama transfoma ya kijiji ni ya kVA 25, kinu kimoja kimekula nusu yake. Na kinyooshi cha dayodi tupu huvuta mkondo kwa mafungu ya ghafla katika kilele cha kila wimbi, jambo linaloharibu umbo la umeme wa kila aliye kwenye waya uleule. Halafu kuna unga. Vigeuzi vinavyotoka kiwandani vinataka hewa safi. Feni yake ikivuta vumbi la posho kwa miezi michache, sahani ya kupozea inavaa koti jeupe na transista zinaungua moja baada ya nyingine.

Hizi ni mada za utafiti, kila moja. Kigeuzi kisicho na feni, kinachovumilia volti zinazoshuka jioni kwenye mita ya 600, kinachovuta mkondo kwa umbo zuri, kinachoweza kujilisha kwa paneli za sola mchana ili kisibebeshe transfoma mzigo wote. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega na kina idara ya uhandisi wa umeme. Kitale National Polytechnic inafundisha mafundi wa umeme. Havitenganishwi na kinu cha Malakisi kwa zaidi ya safari ya matatu ya nusu siku. Naamini tasnifu moja iliyoandikwa kwa kukaa miezi sita kando ya kinu, na kipimo kikirekodi kila mshuko wa volti, ingekuwa na maana kuliko nyingine kumi zinazoiga gridi ya Ujerumani kwenye kompyuta. Jarida la kimataifa huenda likaikataa kwa kusema tatizo ni la mahali pamoja. Na H611 ilikuwa ya mahali pamoja.

Kikwazo kigumu zaidi nimekiacha mwisho kwa sababu sina jibu lake. Injini ya dizeli ya mwenye kinu ikiharibika Jumamosi asubuhi, foleni ya akina mama wenye madebe ikiwa imefika barabarani, fundi yuko hatua chache. Atafungua kichwa cha injini, atachonga gasketi kwa kadibodi ikibidi, na saa nane mchana kinu kinasaga. Transista ikipasuka ndani ya kigeuzi, kipuri kiko Luthuli Avenue, Nairobi, na nusu ya vilivyoko sokoni ni vya kutiliwa shaka. Profesa akileta kigeuzi chake Malakisi, mshindani wake atakuwa fundi huyo mwenye mikono ya oili, na kwa sasa ninavyoona fundi anashinda kwa mbali.